Kifuniko cha Nne

Aliyegundua kwamba kichwa kimoja cha rasta ndogo ni sawasawa na msimu mmoja wa katuni ya Kijapani alikuwa Mwalimu. Vipindi kumi na viwili, alisema, kila kimoja dakika ishirini na nne. Ruka nyimbo za mwanzo na za mwisho, unabaki na saa nne na kidogo. Ongeza dakika za kula, za msalani, na za mteja kupokea simu kutoka nyumbani, unafika saa tano. Na rasta ndogo, kama wasusi ni wawili na nywele zimechanwa vizuri, ni saa tano. Alitupigia hesabu hiyo amesimama katikati ya saluni yetu pale Berea, Durban, kijiti cha ufagio mkononi, uso mkavu kabisa. Tangu siku ile wateja waliacha kuuliza kusuka kunachukua muda gani. Waliuliza, "Leo iko msimu gani?"

Hakuwa mtu wa saluni. Alikuwa na meza ndogo karibu na mlango, anatengeneza simu, meza aliyopewa na mwenye saluni, Mama Patron, kwa sharti moja: asilete wateja wenye kelele. Kabla ya Durban alifundisha hesabu miaka mingi huko Kongo. Jina lake nalijua, lakini sote tulimwita Mwalimu, na nadhani angeudhika kuitwa kitu kingine.

Namkumbuka kwa sababu mbili. Ya kwanza, sijakutana na mtu mwingine aliyechukua kitu cha kipuuzi namna ile akakifanyia kazi kwa heshima namna ile. Ya pili, kwa maneno yake niliachana na mwanaume niliyemngoja miaka minne, na kwa muda mrefu baadaye sikujua kama maneno yale aliyasema kwa makusudi au yalimtoka tu.

Katuni alizozipenda zilikuwa za aina moja. Kijana mmoja asiye na sifa yoyote, na wasichana wanne au watano, wazuri wote, wanaomtaka wote kwa wakati mmoja. Kijana anajikwaa, anaangukia kifuani mwa huyu. Anafungua mlango, yule yuko bafuni. Upepo unapita, sketi inapanda. Wanapigana makofi, wanacheka, wanalia, msimu unaisha, na kijana bado hajamchagua mtu. Mara ya kwanza nilipoona nikadhani Mwalimu amekosea flashi. Mtu anayepiga pasi mpaka soksi, anayefundisha shule ya Jumapili, aliyewahi kumwambia mteja aliyevaa kaptura akae kiti cha nyuma! Nikamuuliza, "Mwalimu, hii kweli ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu," akasema. "Kaa kimya ujifunze."

Maandishi ya chini ya katuni zake yalikuwa ya Kifaransa. Yeye alipunguza sauti ya TV, akakaa kwenye kigoda pembeni ya kioo, akatusomea kwa Kiswahili, kila msichana kwa sauti yake. Ukitaka kuuliza swali, unainua mkono. Ukiongea bila ruhusa, anasema "Silence!" kama bado yuko darasani, na wanawake wazima wenye watoto wanne wananyamaza. Mama Patron mwenyewe aliinua mkono, na saluni ni yake.

Majina ya Kijapani yalitushinda, kwa hiyo tuliwaita wasichana kwa nywele zao. Wasusi tungewaitaje? Katika ile katuni tuliyoipenda kuliko zote, ya kijana aliyerithi duka la bibi yake la kutengeneza miavuli, kulikuwa na Wa Pinki, Mikia Miwili, Mrefu wa Bluu, na yule mkimya aliyekaa nyuma ya duka akishona miavuli iliyochanika. Huyo tulimwita Nywele Fupi. Wateja wengi walikuwa upande wa Wa Pinki kwa sababu alikuwa anachekesha. Mimi tangu kipindi cha kwanza nilikuwa upande wa Nywele Fupi, na kila mtu alijua, na kila mtu alijua kwa nini.

Bora niseme yote. Nilikuwa na mtu Pinetown, mwenye duka la vipuri vya magari. Hakuwa mtu mbaya. Alinibebea mizigo, alinitumia muda wa maongezi, mama yangu akiumwa huko nyumbani yeye ndiye wa kwanza kuuliza hali. Ila kulikuwa na dada mmoja wa kwaya yake, na kulikuwa na jirani yake wa ghorofa ya chini, na kulikuwa na mimi. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa sura. Nilipomuuliza tunaelekea wapi, alitabasamu akasema, "Tutaona." Mwaka ukaisha, tutaona. Wa pili, tutaona. Nilikuwa nimefika miaka thelathini na nne, mama ananiuliza kila wiki kwenye simu, na nilikuwa na ufunguo wa nyumba ya Pinetown kwenye mkoba wangu, ufunguo ambao sikuruhusiwa kuutumia bila kupiga simu kwanza. Nilianza kumngoja yule bwana mwaka ule ule tulipoanza msimu wa kwanza wa miavuli. Wajapani nao walitoa msimu mmoja kwa mwaka, nasi tukaurudia kwa wateja wapya mpaka ujao ufike, kwa hiyo tulikwenda pamoja.

Mwalimu alikuwa na vifuniko. Vifuniko vya makopo ya mafuta ya nywele, amevipanga mezani pale penye bisibisi zake, na mfuko wa shanga alizookota chini baada ya sisi kusuka watoto. Katuni ikianza, mkono mmoja unashika rimoti, mwingine unatupa shanga. Kifuniko cha kwanza, shanga nyekundu: hizo ni za sehemu za mwili kuonyeshwa, mabafu na sketi na vifua. Yeye alikataa kuziita uchafu. Aliziita zawadi ya macho. Cha pili, za njano, kicheko. Cha tatu, nyeusi, hadithi: kila mara tunapojua kitu ambacho dakika moja kabla hatukukijua. Kipindi kikiisha anazihesabu na kutoa maksi.

"Leo nyekundu kumi na moja, njano tisa, nyeusi mbili," anasema. "Macho yameshiba, tumbo iko na njaa. Kumi na mbili juu ya ishirini."

Siku nyingine nyeusi zilizidi, na hapo pia hakufurahi. "Hii ni hotuba. Angalieni, hata wasusi wamesinzia." Na kweli, hadithi ikiwa nzito mno mimi nilipoteza hesabu ya mistari, nikabomoa na kuanza upya. Zikifuatana njano tatu nne bila kupumzika, alikuwa akituonya kwamba dakika mbili mbele mtu atalia, na mtu alilia. Nilimuuliza siku moja kipindi kizuri kinakuwaje. Akafikiri muda mrefu, simu ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake. Akasema kipindi kizuri ni kile ambacho anatupa shanga na mkono haujui uende kifuniko gani, kwa sababu msichana ameteleza bafuni, tumecheka, na katika kuteleza huko barua aliyoificha imeanguka. "Zote tatu kwa mara moja," akasema. "Hiyo ni kazi ya mtu mwenye akili. Ni ngumu kuliko kitabu cha huzuni."

Kulikuwa na kifuniko cha nne pia. Shanga zake za bluu. Vile vitatu alivimwaga kila jioni tukifunga, hiki hakukimwaga. Nilipofagia nilikiona kila siku kimesogezwa nyuma ya kopo la bisibisi, na shanga zinaongezeka taratibu, mbili leo, hakuna kesho, tatu wiki ijayo. Niliinua mkono nikauliza ni cha nini. "Hicho hakiko kwenye mtihani," akanijibu. Mama Patron alidhani ni siku za mfungo wake. Mimi nilidhani anahesabu makosa ya tafsiri. Tuliwahi kukesha na jambo hilo kichwani, mimi angalau, maana mtu anayekueleza kila kitu akikunyima kimoja, hicho kimoja ndicho unachokitaka.

Sasa, taulo. Saluni yetu ilikuwa na kila aina ya mtu. Watoto Jumamosi, wamama wa kanisa, na bibi mmoja Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa Durban, ambaye wazee wake walitoka pwani ya Afrika Mashariki zamani sana. Huyu Bibi alisukwa nyuma ya pazia kwa ajili ya stara yake, kwa hiyo hakuona TV hata siku moja. Alisikia tu. Na ndiye aliyecheka kuliko wote; pazia zima lilitikisika. Kwa watu kama hao Mwalimu alifunga taulo la saluni kwenye kijiti cha ufagio. Zawadi ya macho ikikaribia, taulo linapanda na kufunika TV. Lakini hadithi haisimami. Yeye anainua kona ya taulo, anachungulia, anasoma, anatuhadithia.

"Mwalimu, we unaona peke yako!" wateja wanalalamika.

"Mimi niko kazini."

Wateja wakalipenda taulo kuliko picha. Lilipopanda tu, tayari watu wanacheka. Yeye hakucheka. Katika miaka yote ile sikumwona akicheka, wala kwa katuni wala kwa jambo la mtaani. Alihesabu vicheko vya watu wengine kwa shanga, na uso wake uko vile vile. Nilipomuuliza, alisema mpishi akianza kula, wageni watakosa. Nadhani hiyo haikuwa sababu yenyewe, lakini ndiyo aliyonipa.

Alikosea mara moja. Ilikuwa msimu wa pili wa miavuli, na kwenye kiti changu alikaa Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wa kanisa la Mwalimu mwenyewe. Wasichana wote wanne wakaingia kwenye chemchemi ya maji moto. Taulo likapanda. Lakini Mwalimu, kwa aibu, hakuinua kona. Aligeuza mgongo kabisa, na kwa dakika nne nzima akatufundisha habari za mvuke: maji yanachemka vipi, kwa nini mlimani yanachemka mapema. Mama Mchungaji akaitikia kwa kichwa, nami nikamwomba asitikise kichwa.

Kumbe ndani ya ule mvuke ndimo kila kitu kilipokuwa. Yule kijana, alipokuwa mtoto, alinaswa na mvua kubwa, na msichana asiyemjua akamkinga kwa mwavuli wa chuma uliopigwa na radi, akaungua begani. Kijana alikuwa akimtafuta huyo msichana tangu kipindi cha kwanza. Na pale majini, bega la Nywele Fupi lilionekana, na alama ya kuungua ikaonekana, na wale wenzake watatu wakaiona. Sisi hatukuona chochote. Tulikuwa mlimani na Mwalimu.

Kipindi kilichofuata wote wanalia kwenye skrini. Mikia Miwili analia jikoni, Wa Pinki analia kwenye ngazi. Mwalimu hajui wanalia nini, na badala ya kukiri akaanza kutia viraka. Akasema wanalia kwa sababu kodi ya nyumba imepanda. Kipindi cha pili yake, akasema kodi imepanda tena. Nyuma ya pazia, Bibi akasema kwa sauti yake ya upole, "Mwalimu, mwanangu. Mimi nimelipa kodi ya nyumba miaka arobaini. Hailizi mtu namna hiyo."

Mwalimu akasimamisha katuni. Akasimama, akavua miwani. "Nimewadanganya," akasema. "Sikutazama. Nilimwonea haya Mama Mchungaji."

Mama Mchungaji akageuka kwenye kiti, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. "Rudisha nyuma," akasema. "Weka taulo. Lakini wewe tazama. Mtu mmoja lazima atazame."

Akarudisha, akatazama, akatuambia alama ya begani, na mimi nikalia hadharani na kitana mdomoni. Tangu siku hiyo alijiwekea nadhiri, akaitamka mbele yetu: hatasema tena neno moja ambalo haliko kwenye picha. Na alibadilisha mawazo pia. Zamani aliona zawadi ya macho ni kama pipi ya kumtuliza mtoto. Sasa akasema watengenezaji ni wajanja, wanauficha ufunguo wa hadithi mahali ambapo kila mtu anatazama na hakuna anayesikiliza. Ukikata bafu, umekata mlango. Alianza kuinua kona ya taulo kwa nidhamu ya ajabu, huku shingo imepinda, akisoma kila herufi.

Nadhiri hiyo aliishika kwa ukali. Umeme ulikatika kwa mgao siku moja zikiwa zimebaki dakika sita za msimu wa tatu, Wa Pinki amesimama kituo cha treni anataka kusema neno. Gizani humo tulimbembeleza. "Mwalimu, si unajua tu atasema nini? Maliza!" Mama Patron akaahidi kumpa chakula cha mchana wiki nzima. Alikataa. Tukakaa saa mbili na nusu, nasuka kwa kupapasa karibu na dirisha, mpaka umeme ukarudi, na Wa Pinki akasema kwamba amesahau mwavuli. Ndiyo hilo tu. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja. "Mngetaka nizue hicho?"

Yule kijana wa miavuli, Mwalimu alimchukia. Lilikuwa jambo la kushangaza, kupenda katuni na kumchukia mwenye katuni. Kijana aliambiwa na Wa Pinki kwamba anampenda, akasema tutaona. Akaambiwa na Mrefu wa Bluu, akasema tutaona. Alipojua alama ya bega ni ya nani, tukadhani sasa basi, akaenda kwa Nywele Fupi, akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, akasema asante, na kwamba tutaona. Mwalimu alisoma neno hilo kila mara kwa sauti ile ile bapa, kama anasoma nambari ya basi. "Huyu kijana hana ubaya hata kidogo," alituambia. "Hapo ndipo tatizo. Angekuwa mbaya wangekwenda zao tangu msimu wa kwanza."

Mimi nilitia nyuzi kwenye rasta. Yule bwana wa Pinetown alikuwa akija kunichukua Jumamosi nyingine, anasimama mlangoni karibu na meza ya Mwalimu, anasalimia kila mtu vizuri. Mara moja Mama Patron alimtania, "Shemeji, harusi lini?" Akacheka, akasema, "Tutaona, mama." Mteja wangu akasema, "Dada, unanivuta nywele." Nikamwomba radhi. Mwalimu aliinamia simu aliyokuwa akiitengeneza.

Msimu wa nne ulikuwa wa mwisho. Tulijua ni wa mwisho, na saluni ilijaa watu wasiosukwa. Bibi alikuwa nyuma ya pazia na Mama Patron anamsuka. Mimi nilikuwa na mteja mwenye nywele ngumu na kichwa chepesi kuumia, na nilikuwa nimesimama tangu saa mbili asubuhi. Kipindi cha kumi na mbili, wote wakaenda baharini. Taulo likapanda karibu mara moja, maana Wajapani walikuwa wameweka zawadi ya macho ya misimu minne kwenye ufukwe ule mmoja. Kijana akasema anataka kuwaambia jambo. Mwalimu akatusomea: "Anasema, mimi nawapenda nyote. Anasema, tutaona."

"Unanivuta, dada," mteja wangu akasema. "Unanivuta kweli."

Nilisikia ushanga ukigonga bati. Kisha taulo likabaki juu, na sisi tunangoja. Alipoanza tena alisema polepole.

"Nywele Fupi anasimama. Anafunga mwavuli wake. Anamwekea mkononi. Anasema, nilikuwa nakungoja kwenye mvua, na mvua imekwisha, na wewe bado uko pale pale. Anachukua begi lake. Anapanda ngazi kwenda barabarani. Wale watatu wanamwita. Hageuki." Akapumua. "Amepanda treni. Amekaa karibu na dirisha. Basi."

Aliposhusha taulo kulikuwa na wimbo wa mwisho na barabara tupu yenye mvua. Watu walikasirika. Wa upande wa Wa Pinki walidai ina maana gani sasa. Nyuma ya pazia Bibi akasema, "Afadhali yake." Nilimaliza mstari, nikachoma ncha za rasta kwa maji moto, nikakunja taulo. Mwalimu hakutoa maksi siku hiyo, na hakuna aliyekumbuka kumdai.

Jumatatu saluni hufungwa. Nilipanda taxi mpaka Pinetown, nikamkuta dukani kwake, nikamwekea ufunguo juu ya kaunta. Akashangaa kwa dhati, maskini. Akaniuliza kama kuna mtu amenikosea. Akasema tukae, tuongee, tutaona. Nikamwambia mimi nimeshaona. Niliumia wiki nyingi, sitadanganya. Lakini sikurudi.

Mwaka huo Mama Patron alihamia chumba kidogo zaidi, pasipo na nafasi ya meza ya simu, na Mwalimu akapata kazi ya getini kwenye kiwanda kimoja cha magodoro huko Jacobs. Tuliagana kwa kupeana mikono. Aliondoka na bisibisi zake kwenye mfuko wa shati.

Miaka miwili baadaye akakaa kwenye kiti changu mwanafunzi mmoja wa Kizulu anayepanga ghorofa ya juu yetu. Simu mkononi, anatazama katuni. Nikiwa nimesimama nyuma yake nikaona duka la miavuli. Nikaona bahari. Moyo ukaruka. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na hapakuwa na taulo. Kijana akasema anawapenda wote, akasema tutaona. Nikangoja Nywele Fupi asimame. Hakusimama. Alicheka pamoja na wenzake, mvua ikaanza kunyesha, na wasichana wote wanne wakajibana chini ya mwavuli mmoja na yule kijana katikati, wanasukumana, wanacheka. Ikaisha hivyo.

"Eish, dada," mwanafunzi akasema, "unanivuta."

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Jacobs na mandazi kwenye mfuko. Nilifika kabla ya saa tano, maana saa tano kamili ndipo Mwalimu hula, hakuwahi kubadilisha. Alikuwa kwenye kibanda cha geti, shati limepigwa pasi, kofia ya kiwanda kichwani, anaandika nambari za malori. Amepungua. Alinitazama juu ya miwani.

"Msusi wangu," akasema. "Keti." Akanipa kiti chake cha pekee, yeye akaegemea dirisha.

Nilikaa. Nikamwambia nimeona mwisho. Nikamwambia hapakuwa na treni.

Hakukana. Alichukua andazi, akalikata katikati, akalitazama ndani. "Bon," akasema. "Hapakuwa na treni."

"Uliapa, Mwalimu. Tulikaa gizani saa mbili na nusu kwa sababu uliapa."

"Niliapa. Nimetubu." Akatafuna. "Nimetubu nusu."

"Kwa nini basi?"

Lori likapiga honi. Akatoka, akafungua geti, akaandika nambari, akarudi, akafuta mikono kwa leso. Kisha akavuta droo ya meza na kutoa kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele, kimefunikwa karatasi na kufungwa kwa mpira. Nilikitambua kabla hajakifungua. Shanga za bluu.

"Vile vitatu vilikuwa vya katuni," akasema. "Hiki cha nne kilikuwa chako. Kila yule kijana aliposema tutaona, mteja wako alisema unanivuta. Mara ya kwanza nikadhani ni bahati mbaya. Mimi ni mtu wa hesabu, nikaanza kuhesabu. Miaka minne, haikukosea. Hata yule bwana wako aliposema mwenyewe pale mlangoni, ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya mwisho nikainua kona kidogo tu, ulikuwa hujatazama, nikaona wanabanana kwenye mwavuli. Nikasema hapana. Miaka yote ile nilikuwa nawahadithia waliokaa. Na wewe ulikuwa umesimama."

Nilimshukuru, nikamshukuru tena.

"Na yule bwana wa Pinetown?" akauliza. "Alichagua?"

"Dada wa kwaya aliniambia juzi sokoni. Bado."

"Bado?"

"Anasema tutaona."

Hapo Mwalimu akacheka. Alianza kwa mabega, kisha akashika dirisha, akavua kofia, akacheka mpaka dereva wa lori lililofuata akatoa kichwa nje kutazama kuna nini. Nilikuwa sijui ana mwanya. Miaka yote ile, na nilikuwa sijui ana mwanya.

Aliponisindikiza mpaka getini alinipa kile kifuniko, akasema sasa ni changu, nikamsukie mtoto wa mtu. Nilizihesabu shanga kwenye taxi, mapajani, kutoka Jacobs mpaka robot ya kwanza ya Berea, zile taa za barabarani. Zilikuwa themanini na nne. Vichwa vya watu nilivyovivuta, Mungu anisamehe.